Sura ya Sita: Jembe na Njia ya Sokoni

Kashikishi, kazi ya siku huanza usiku. Mitumbwi huingia Ziwa Mweru na taa zake, na chisense, dagaa wadogo wa ziwa hili, hufuata mwanga mpaka wavuni. Alfajiri mitumbwi inaporudi, wanawake wameshafika ufukweni na mabeseni. Bei hupatanwa palepale majini, kabla chombo hakijavutwa nchi kavu. Kisha dagaa humwagwa na kutandazwa juani, hugeuzwa, hulindwa dhidi ya kuku na ndege. Jua likiwa kali, mzigo hukauka kwa siku moja au mbili. Mvua ikishuka ghafla, mtaji wa mtu unaozea mchangani.

Dagaa waliokauka hupakiwa magunia, magunia hupakiwa malori, na malori hushika barabara ya Mansa. Tangu daraja la Chembe juu ya mto Luapula lifunguliwe mwaka 2008, mzigo hukata kupitia kipande cha ardhi ya Kongo na kufika miji ya migodi ya Copperbelt bila kungoja pantoni. Hesabu watu waliokula kutokana na gunia moja: mchonga mtumbwi, mshona nyavu, mwenye taa, wavuvi, mwanikaji, mbebaji, mnunuzi, mpakiaji, dereva, muuza sokoni. Karibu wote walipata kazi hiyo kwa njia moja: walimjua mtu. Mjomba alikuwa na wavu, dada alikuwa na mteja Kitwe, jirani alikopesha beseni la kwanza.

Hapo ndipo linapozuka swali la sura hii. Mtu akifika ufukwe huu bila mjomba, bila wavu, bila mteja, na bila hati ya kumruhusu kutembea, nani atamwingiza kazini? Na anayetaka kumsaidia, iwe serikali, shirika au kanisa, aanzie wapi? Wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, ulipo ufukwe huu, imelazimika kulijibu swali hili kwa vitendo, na majibu yake yana mafunzo kwa kila wilaya ya Afrika Mashariki na Kati inayopokea wageni au inayopoteza ajira.

Ziwa lililozoea kuhamisha watu

Mweru ni ziwa la takriban kilomita za mraba 5,000, na mpaka wa Zambia na Kongo umepita katikati yake. Watu walilivuka kabla ya mpaka kuwepo. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe, mtawala wa bonde la Luapula, mwaka 1867, alimkuta huko Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuja na misafara ya pwani na kukaa miaka mingi. Baada ya kampuni ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906, vijana wa bonde la Luapula walivuka kwenda kuchimba shaba Katanga. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Kasenga, upande wa Kongo, nao wakawa wakinunua samaki wa ziwa hili na kuwapeleka Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, ili kuwalisha wachimbaji. Kwa hiyo ufukwe uliuza vitu viwili kwa migodi: samaki na nguvu za watu.

Biashara hiyo iliwahi kula mbegu yake. Samaki aitwaye mpumbu alikuwa na desturi ya kupanda mto kwa wingi ili kutaga mayai, na wavuvi wakamtegea njiani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 mpumbu alikuwa ameadimika. Watu wakageukia pale, jamaa ya perege, na katika miaka ya 1980 chisense wakafungua mlango mpya, hasa kwa wanawake ambao hawakuwa na mtaji wa nyavu kubwa lakini waliweza kununua, kuanika na kusafirisha. Mlango ule haukufunguliwa na mradi wowote. Uligunduliwa na watu wenyewe, kwa kuwa samaki alikuwepo, mnunuzi alikuwepo, na hakuna aliyezuiwa kwenda sokoni.

Pigo lililofuata lilitoka migodini. Kati ya mwaka 1997 na 2000 serikali ya Zambia iliuza migodi ya shirika la umma la ZCCM, na maelfu ya wafanyakazi wakapunguzwa. Wengine walirudi vijijini kwa wazee wao, mkoa wa Luapula ukiwemo. Katika miaka hiyo ya 1990 kulikuwa na mpango wa serikali ulioitwa Future Search, uliowafundisha waliopunguzwa kazi namna ya kuanzisha biashara. Wazo lilikuwa jema, lakini wengi wa waliopunguzwa Zambia walisubiri mafao yao kwa miaka. Mtu alijua kuandika mpango wa biashara huku fedha za kuutekeleza zikiwa zimekwama ofisini. Elimu ilitangulia, mtaji ukachelewa, na elimu bila mtaji hupauka upesi.

Mantapala

Kuanzia Agosti 2017, wageni wa aina nyingine walianza kumiminika. Mapigano ya wanamgambo na jeshi, pamoja na uhasama kati ya Waluba na Watwa, yaliwatoa maelfu ya Wakongo katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani. Januari 2018 wakaanza kuhamishiwa Mantapala, makazi mapya yaliyofunguliwa ndani ya wilaya ya Nchelenge, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini.

Mantapala ilipangwa tofauti na kambi za zamani. Zambia ilikuwa imekubali kuutekeleza mfumo wa Umoja wa Mataifa wa CRRF, unaotaka mkimbizi na mwenyeji wahudumiwe pamoja. Shule na zahanati zilikusudiwa kuwa za wote wawili. Kila familia ilipewa kiwanja cha kujenga na eneo la kulima, wakagawiwa majembe na mbegu, na wenyeji wakaingizwa katika miradi ya kujikimu bega kwa bega na wageni. Ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi, UNHCR, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) na mashirika wenza waligawana kazi.

Lugha haikuwa kikwazo kikubwa. Waliotoka Pweto na vijiji vya ng'ambo walizungumza Kiswahili cha Katanga, na wengi walikielewa Kibemba, lugha ya sokoni Nchelenge. Mama wa Kikongo aliweza kumsalimia mama wa Kizambia, kumuuliza bei ya unga wa muhogo, na kuelewana naye.

Kikwazo kilikuwa mahali penyewe. Wengi wa waliokuja walikuwa wavuvi na wachuuzi wa samaki, watu wa maji, na sasa walikuwa porini, mbali na ziwa, na ziwa lenyewe huwa na msimu wa kufungwa: kila mwaka, kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wazaane. Mwalimu aliyefundisha kwa Kifaransa alikuta shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Seremala alikuwa na mikono yake bila randa. Kila mmoja alikuwa na ujuzi, na ujuzi huo ulikuwa umetenganishwa na kitu kinachoupa thamani: maji, lugha ya darasani, chombo, au mteja.

Ndiyo maana nashikilia kwamba jambo la kwanza katika kumsaidia mtu aliyehamishwa ni kumuuliza alichokuwa akifanya, na kilichokatika ni kipi. Miradi mingi huanza kinyume chake. Huja na orodha ya mafunzo yaliyokwisha kuamuliwa: ushonaji, useremala, utengenezaji wa sabuni, ususi. Mwanamke aliyekuwa akisafirisha magunia ya dagaa kwa miaka kumi anakalishwa mbele ya cherehani kana kwamba hakuwahi kufanya biashara maishani. Anayajua masoko, anaijua mizani, anajua kupatana bei. Anachokosa ni gunia la kwanza na ruhusa ya kulifuata.

Muhogo na kalenda ya mradi

Muhogo ndio chakula kikuu cha Luapula. Mizizi hulowekwa, huvunjwa, huanikwa, husagwa, na unga wake ndio nshima ya kila siku. Mvua za mkoa huu huanza karibu na Novemba na kuishia Aprili, na ni nyingi, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Ardhi inaukubali muhogo. Lakini muhogo ni zao la subira: hukaa ardhini mwaka mmoja, na mara nyingi hadi miaka miwili, kabla ya kuvunwa vizuri.

Sasa weka kando yake kalenda ya mradi wa kawaida wa misaada, ambao bajeti yake ni ya miezi kumi na miwili. Familia iliyofika Mantapala mwanzoni mwa 2018 na kukata msitu, ikapata pando na kulipanda kabla mvua hazijakwisha, haikuweza kutarajia shibe kabla ya 2019. Ripoti ya mradi ingekuwa imeshaandikwa na maofisa wamehama. Katikati ya hapo familia iliishi kwa mgao wa WFP, uliotolewa kwa chakula na baadaye kwa fedha taslimu, na mgao huo ulipunguzwa fedha za wafadhili zilipopungua. Mwenye njaa hawezi kuusubiri muhogo. Huuza jembe alilopewa, au huenda kulima kibarua kwenye shamba la mwenyeji wakati ule ule shamba lake linapohitaji palizi. Ukimwona hivyo usimwite mvivu wala mtegemezi, maana amepiga hesabu sahihi kwa siku aliyonayo.

Hili limepimwa kwingineko kwa makini. Mwaka 2002 shirika la BRAC la Bangladesh lilianza kuwapa maskini kabisa kifurushi kizima: kitu cha kuzalisha mali, kama mifugo, posho ya chakula kwa muda, mafunzo, akiba, na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia zaidi ya kaya 10,000 katika nchi sita, Ethiopia na Ghana zikiwemo, uliona kwamba katika nchi nyingi maisha yalikuwa bado bora mwaka mzima baada ya msaada kukoma. Honduras ilikuwa pungufu, kwa kuwa familia nyingi zilipewa kuku na kuku wakafa kwa ugonjwa. Siri ya mafanikio ni kwamba vitu vyote vilikuja pamoja. Posho ilimzuia mtu asile mtaji wake kabla haujazaa. Zambia yenyewe imeifuata njia hii kwa akina mama wa vijijini: mradi wa GEWEL, ulioanza mwaka 2015 kwa fedha za Benki ya Dunia, ulilenga wanawake 75,000 kwa mafunzo, ruzuku ya mtaji, vikundi vya akiba na ushauri wa karibu.

Sanduku la kufuli tatu

Kati ya yote yaliyoletwa kwa watu waliohamishwa, kilichodumu zaidi ni kitu kidogo: kikundi cha akiba. Mfumo wake ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na leo umeenea bara zima. Kwa msomaji wa Tanzania ni jirani wa VICOBA. Zambia wana chilimba, Wakongo wana likelemba, na sote tunaujua upatu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufundishwa kuaminiana upya. Kilichoongezwa ni utaratibu.

Tazama kikao kimoja. Wanachama kati ya 15 na 25 wamekaa duara. Katikati kuna sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, wala hakuna hata mmoja wao anayelitunza sanduku nyumbani kwake. Likifunguliwa, fedha zilizokuwemo huhesabiwa kwa sauti, na waliopewa kazi ya kukumbuka kiasi cha wiki iliyopita huthibitisha. Kila mtu hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa hugongwa muhuri kwenye kijitabu chake, ili hata asiyejua kusoma ahesabu mihuri yake mwenyewe. Kuna kikombe cha mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Kisha mikopo hutolewa mbele ya wote, na kila mmoja anasikia nani amekopa nini na kwa ajili ya nini. Baada ya miezi tisa au kumi na miwili, fedha zote na faida yake hugawanywa kwa hesabu ya hisa, na mzunguko huanza upya.

Kikundi hiki humpa mgeni kile ambacho Kashikishi mtu hukipata kwa mjomba: watu wanaomjua. Mwanachama akitaka kununua gunia la muhogo mkavu, kuna mwenzake anayemjua msagishaji. Mwenyeji na mkimbizi wakiketi duara moja, mwenyeji huleta soko na mkimbizi huleta nguvu na bidhaa. Tena akiba na ujuzi wa biashara havifungwi na ardhi. Desemba 2021 misafara ya kurudi Kongo kwa hiari ilipoanza kutoka Mantapala kuelekea Pweto, mashamba yalibaki nyuma, lakini aliyekuwa na hisa zake aliweza kurudi na mtaji wa kuanzia. Mpango wa ajira kwa watu waliohamishwa lazima ufikirie siku ya kurudi kwao tangu siku ya kwanza.

Ruhusa

Sasa tuje kwenye jambo linalozungumzwa kwa sauti ya chini kuliko yote, ingawa lina uzito kuliko cherehani mia. Zambia ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1969, lakini ilijiwekea masharti kuhusu haki ya kuajiriwa na haki ya kutembea popote. Sheria yake ya Wakimbizi ya mwaka 2017 iliboresha mengi, na bado mkimbizi anayetaka kuajiriwa anahitaji kibali, na anayetaka kutoka makazini anahitaji pasi.

Fikiria maana yake kwa fundi cherehani wa Mantapala. Vitambaa viko mjini, na wateja wenye fedha wako mjini. Kila safari inaanzia kwenye karatasi yenye tarehe ya kurudi. Gari likiharibika njiani, au mteja akisema njoo kesho, karatasi imeisha muda. Biashara ndogo huishi kwa wepesi wa kukimbilia bei nzuri leo hii, na mtu mwenye karatasi ya siku mbili hashindani na mtu huru. Basi hubaki akiwashonea majirani zake, ambao nao hawana fedha. Cheti chake ni halali, mikono yake ni hodari, na bado kipato hakipandi.

Majirani zetu wametupa mifano ya pande zote mbili. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walipochunguza Kampala, katika ripoti yao ya mwaka 2014, waliona kwamba asilimia 21 ya wakimbizi wa jiji hilo walikuwa na biashara zilizoajiri mtu mwingine, na kwamba asilimia 40 ya walioajiriwa nao walikuwa raia wa Uganda. Hebu isomwe mara mbili takwimu hiyo: mgeni alimpa kazi mwenyeji. Kenya nayo ililegeza milango kwa sheria mpya ya mwaka 2021. Tanzania ilienda upande mwingine: ilijitoa CRRF mwaka 2018, na masoko ya pamoja, ambako wakimbizi wa Kigoma na wanavijiji walikuwa wakiuziana, yakafungwa. Mkulima wa Kasulu alipoteza mteja siku ile ile mkimbizi alipopoteza muuzaji.

Mwaka 2024 Zambia ilitoa Sera ya Taifa ya Wakimbizi, inayolenga kuwaingiza wakimbizi katika mifumo na uchumi wa nchi. Huu ni mwelekeo ninaouunga mkono kwa moyo wote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe limeshatolewa Mantapala, na deni lililobaki ni njia ya kuyafikisha sokoni mazao ya jembe hilo.

Mnunuzi kwanza

Wenyeji wa Nchelenge nao wana haki ya kuuliza: na sisi je? Kijana wa Kashikishi aliyemaliza shule na kukosa kazi hana tofauti kubwa na kijana wa Mantapala, isipokuwa kitambulisho. Kwa ajili yake Zambia imejenga chombo chenye nguvu. Mwaka 2022 Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo uliongezwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo. Sehemu yake huenda kwenye miradi ya jamii, sehemu kwenye ruzuku na mikopo ya vikundi vya vijana na wanawake, na sehemu hulipia ada za vijana katika vyuo vya ufundi.

Hatari ya ada hizi ni ile ile: kuhitimisha mafundi wengi kuliko kazi zilizopo. Ila kuna jambo moja lililofanywa vizuri, na linastahili kuigwa. Mwaka huo huo wa 2022 elimu ilifanywa bure, watoto wakajaa madarasani, na madawati yakapungua. Fedha za mfuko zikaanza kutumika kuagiza madawati kwa maseremala wa majimboni humo humo. Ghafla kijana mwenye cheti cha useremala akawa na mnunuzi: shule ya kijijini kwake. Alijifunza kupima gharama, kutimiza tarehe, kulipwa kwa hundi. Oda moja ya madawati humfundisha seremala biashara kuliko semina kumi za ujasiriamali.

Kenya imelifanya hili kuwa kanuni tangu 2013, kwa kutenga asilimia 30 ya manunuzi ya serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo ya makundi hayo. Mikopo ni mizuri, lakini oda ni bora, kwa sababu mkopo humwachia mtu kazi ya kumtafuta mnunuzi ilhali oda huja na mnunuzi mkononi. Wilaya kama Nchelenge ina shule, hospitali na ofisi zinazonunua unga, mboga, samaki, sare na samani kila muhula. Sehemu ya manunuzi hayo ikielekezwa kwa vikundi vya pamoja vya wenyeji na wakimbizi, ajira itapatikana bila kujenga ofisi mpya ya ajira.

Maswali ya kumuuliza mfadhili

Mwaka 2025, Marekani ilipositisha sehemu kubwa ya misaada yake na kulifunga shirika lake la USAID, mashirika ya wakimbizi duniani kote yalikata bajeti. Fedha zitakazobaki zitakuwa chache, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuzitumia kwa mazoea. Kiongozi wa kijiji, diwani, au mwenyekiti wa kamati ya wakimbizi anapoletewa mradi wa kuwatafutia watu kazi, na aulize kabla ya kuweka saini: Watu hawa walikuwa wakifanya kazi gani kabla, na nini kimewakwamisha? Nani atanunua watakachozalisha, na je, amethibitisha? Wataruhusiwa kumfikia? Watakula nini mpaka zao la kwanza litoke? Nani atakuwa nao msimu wa pili?

Kisha mradi upimwe kwa jambo moja: kipato cha mtu miaka miwili baada ya mafunzo. Idadi ya waliohitimu, picha za kukabidhi cherehani, na orodha ya mahudhurio havimlishi mtu. Miaka miwili ni muda wa muhogo kukomaa, na ni muda wa kutosha kujua kama kazi imeshika mizizi. Wafadhili wakikubali kupimwa hivyo, watabadilisha wenyewe namna wanavyopanga, kwa kuwa hakuna atakayetaka kurudi baada ya miaka miwili na kukuta cherehani zimeuzwa.

Ufukwe wa Mweru umewahi kujenga uchumi mzima kutokana na dagaa wa saizi ya kidole, kwa sababu wanawake wake waliachwa wanunue, waanike na wauze watakapo. Waliovuka ziwa mwaka 2017 wana bidii hiyo hiyo. Wakipewa mtaji mdogo, muda wa kutosha na ruhusa ya kwenda sokoni, Nchelenge itapata wakulima, mafundi na walipa ushuru ambao ilikuwa ikiwahitaji siku zote.